Mita moja, vyumba vinne na jumba la Capri Point

Jirani yangu hapa Mabatini, mtaa wetu wa mawe jijini Mwanza, mama anayechuuza dagaa soko la Mwaloni, alinijia na simu mkononi. Zilikuwa siku za mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti kitu, dagaa hakuna, hela hakuna. "Kaka, wewe si ndiye mtu wa kodi? Hii elfu moja mia tano wamenikata ya nini?"

Kwenye meseji ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, mstari ulikuwa wazi: kodi ya jengo. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, hapo zimeondoka uniti nne na ushee.

Nyumba si yake. Amepanga chumba kimoja kati ya vinne, mita ni moja, wanachangishana. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo, ila anayekatwa ni anayenunua umeme. Kiswahili chetu kinaita kodi anachodai mwenye nyumba na inachodai serikali. Kwenye mita ile vimekutana.

Utaratibu huu ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Sina ugomvi na LUKU yenyewe. Hakuna afisa anayepanda mawe ya Mabatini kugonga milango, na kuthamini nyumba mojamoja ni gharama kubwa. Ugomvi wangu ni kiwango. Jumba la Capri Point, mtaa wa wenye nacho hapa Mwanza, lenye bustani inayoteremka hadi ziwani, mradi halina ghorofa, hulipa 18,000 ileile ya nyumba iliyoegemea jiwe huku kwetu.

Mambo yakiwa mazuri hakuna anayeshtuka. Yakiyumba ndipo inauma. Mwaka 2020 ndege zilisimama, minofu ya sangara ikakosa njia ya kwenda Ulaya, na maumivu yakashuka hadi mwaloni. Kodi ya mshahara angalau hujipunguza yenyewe: mwenye kipato cha 1,500,000 kwa mwezi, baada ya makato ya pensheni, hukatwa 278,000, kikishuka hadi 800,000 hukatwa 78,000, kikifika 270,000 hakatwi kitu. Elfu moja mia tano ya LUKU haishuki. VAT ya 18% kwenye sabuni nayo haikuulizi leo umeuza ndoo ngapi.

Lakini huko juu ngazi ya kodi hiyo ya mshahara inaisha mapema. Asilimia 30 inaanzia shilingi ya kwanza baada ya milioni moja, na mwenye milioni 50 kwa mwezi haongezewi daraja. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, kwa kawaida hukatwa 10%, ingawa, tuwe wakweli, kampuni imeshalipa 30% kwenye faida. Kodi ya urithi hatuna, ya utajiri hatuna.

Ajentina, Desemba 2020, ilipitisha mchango wa mara moja kwa wenye mali kuanzia peso milioni 200, viwango vikianzia 2%. Wateja wangu wenye uwezo wakisikia hivyo hunijibu haraka: pesa itakimbia. Kwa pesa za benki nawaelewa. Kwa nyumba siwaelewi, maana jumba la Capri Point halipandi meli kwenda Kisumu.

Ndiyo maana mimi ningeanzia kwenye majengo. Yapangwe madaraja kwa mtaa na ukubwa wa kiwanja. Kwa kiwanja chenye hati, ukubwa huo tayari umeandikwa. Uchumi ukidorora, daraja la chini lisimamishwe kwa mwaka, la juu lipandishwe. Hailingani na uthamini kamili, najua, lakini kusubiri uthamini kamili ndiko kulikotufikisha kwenye 18,000 kwa kila nyumba isiyo na ghorofa.

Jirani yangu nilimwandikia hesabu kwenye karatasi: robo yake ni shilingi 375 kwa mwezi, 4,500 kwa mwaka, aombe ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Akaikunja, akaitia kwenye pochi.

"Haya. Na wewe ndiye utakayeenda kumwambia baba mwenye nyumba?"