Mrija wa oksijeni hauui mtoto

"Daktari, msimwekee mrija huo. Mtoto wa jirani aliwekewa, hakufika asubuhi." Maneno haya yamezagaa Malindi nzima, hadi Mambrui na Marafa, na sisi tunaotibu watoto mahututi tumechoka kuyasikia huku mtoto akigeuka rangi mbele yetu.

Jirani hasemi uongo. Mrija ulikuwa puani na mtoto alifariki. Lakini tazameni ni mtoto gani anayewekewa: ni yule ambaye oksijeni inayobebwa na damu yake imeshashuka chini ya asilimia 90 ya kile damu inachoweza kubeba. Alianza na kikohozi, akanunuliwa dawa dukani, akakandwa kifua, na alipopakiwa pikipiki matundu ya pua yalikuwa yametanuka na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Nimonia ilishatangulia. Mrija ndio uliokuja mwisho, watu wakauona, lawama ukazibeba wenyewe. Na kadiri wazazi wanavyoukataa, ndivyo tunavyobaki kuwawekea watoto waliochelewa zaidi, na hofu inazidi kupata ushahidi.

Hewa tunayovuta ina asilimia 21 ya oksijeni. Mrija unaongezea tu: mchanga wa chini ya mwezi nusu lita hadi lita moja kwa dakika, anayenyonya lita moja hadi mbili, mkubwa kidogo hata nne. Mtoto anapumua mwenyewe. Hii si ile mashine ya kupumulia ya ICU. Wala oksijeni haiponyi nimonia. Hiyo ni kazi ya antibiotiki, na oksijeni inaulinda ubongo na moyo mpaka dawa ishike.

Kinachoniudhi zaidi ni kuuchomoa "apumzike kidogo", au anyonye, au abadilishwe nguo. Mwili hauna ghala la oksijeni. Mtoto aliyekuwa 94 anaweza kuwa 80 baada ya dakika chache, na hatalia. Atanyamaza, na bibi atasema amepata usingizi. Mama, mnyonyeshe mrija ukiwa puani. Ukihisi haupitishi, mwite nesi auchovye ncha kwenye kikombe cha maji: mapovu yakitoka, hewa ipo. Yasipotoka, mara nyingi ni makamasi yaliyoziba au mpira uliokunjika chini ya godoro. Na stima ikipotea, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani inazimika papo hapo, kwa hiyo mtungi uliojaa lazima uwe karibu na kitanda, si stoo.

Kipimo cha kidole, kile kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni ya damu, nacho kina mipaka yake. Kidole cha baridi au kucha yenye piko huweza kukiyumbisha, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Ndiyo maana mtoto mwenye 91 anayeguna kila anapotoa pumzi simrudishi nyumbani. Hata hiyo 90 yenyewe haikuandikwa mbinguni. Utafiti wa COAST uliofanywa Uganda na Kenya ulitaka kujua kama walio kati ya 80 na 91 wanafaidika na oksijeni, ukasimamishwa kabla ya kufikisha idadi ya watoto iliyokusudiwa. Mimi bado nawawekea.

Kuna mahali ambapo hofu ina msingi, nako ni kwa watoto njiti. Oksijeni ikizidi huharibu mishipa ya macho yao na inaweza kuwapofusha, kwa hiyo tunawashikilia kati ya 90 na 95, hatuwaachi wafike 100. Ni dawa yenye kipimo, basi mzazi ana haki ya kuuliza kipimo cha mwanawe ni kipi.

Mrija hauondolewi kwa sababu mtoto ameanza kucheka. Tunaupunguza, tunauzima, tunasubiri nusu saa na kupima, kisha tunapima tena baada ya saa moja. Akishuka chini ya 90, unarudi.