Je, wajua? Risasi hailinganishwi na bunduki

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtaalamu wa balistiki, yaani uchunguzi wa risasi na bunduki, huchukua risasi iliyotolewa kwenye maiti, akaijaribisha kwenye mtutu wa bastola ya mshukiwa, na ikiingia barabara, kesi imekwisha. Kama kujaribu kiatu dukani.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, risasi huwa nene kidogo kuliko tundu la mtutu. Baruti ndiyo huisukuma ipite kwa nguvu. Ikiteleza tu kwa kidole, bastola hiyo ni mbovu. Pili, bunduki yenyewe hailinganishwi na chochote. Mtaalamu hufyatua risasi nyingine kwa silaha ileile ndani ya tangi la maji, maana maji huisimamisha bila kuikwaruza. Anaiokota, kisha analinganisha risasi na risasi.

Anatafuta nini? Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojipinda, inayoizungusha risasi isiyumbe hewani. Idadi ya mifereji na upande inakopindia hufanana kwa bunduki zote za toleo moja, kwa hiyo inasaidia zaidi kuondoa washukiwa kuliko kumtaja mmoja. Kinachotazamwa ni michirizi midogo zaidi. Fikiria mashine ya tambi ya mkono: tundu moja likiwa na kibanzi kilichochomoza, kila uzi unaopita hapo hutoka na mfuo palepale. Badilisha unga, mfuo haubadiliki. Mtutu nao ndivyo ulivyo. Lakini mitutu iliyotobolewa kwa keekee moja huweza kurithi kasoro ileile, na kutu au matumizi huzibadilisha.

Ganda la risasi, linalobaki risasi ikisharuka, nalo hugongwa kitako na pini, kama karatasi inavyogongwa muhuri. Tarehe 14 Februari 1929, watu 7 waliuawa katika gereji moja Chicago, na baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi. Je, walikuwa polisi kweli? Mtaalamu wa balistiki Calvin Goddard alifyatua bunduki za rashasha za polisi aina ya Thompson, akalinganisha maganda yake na yale 70 yaliyookotwa. Hayakulingana. Desemba mwaka uleule Thompson mbili zilipatikana Michigan, nyumbani kwa jambazi Fred Burke. Hizo zikalingana. Chombo chake kilikuwa hadubini mbili zilizounganishwa, jicho likaona nusu ya ganda hili na nusu ya lile, mstari katikati. Bado ndicho kinachotumika.

Ila anayeamua kwamba zimelingana ni jicho la mtu. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilisema tafiti za kuonyesha jicho hilo linaaminika kiasi gani hazijatosha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Maryland, katika kesi ya mauaji, ilisema mtaalamu angeweza kueleza kwamba alama zinaendana au haziendani na za bunduki ile. Kutamka moja kwa moja kwamba risasi ilitoka humo, hapana.