Choya, zabibu na maji ya waridi: tunayoambiana na yalivyo

Mapishi mengi ya vinywaji vya matunda na maua yanayozunguka kwenye simu zetu yameandikiwa Juni na Julai, miezi ambayo Ulaya jua linawaka. Hapa Dodoma Juni ni mwezi wa sweta. Upepo unavuma tangu asubuhi na mgeni anataka chai ya tangawizi. Kinywaji baridi tunakihitaji Oktoba na Novemba, mvua hazijashuka, vumbi limetanda na waalikwa wa sendofu wanagombea kivuli cha turubai. Miaka yote hii nimekitengeneza kwa shughuli za ndugu na majirani, na kila mara nakuta watu wameshika mambo yaleyale yasiyo kweli.

"Choya ni ua lililokaushwa"

Ua lenyewe la choya, au rozela kama wengine wanavyoiita, hufunguka siku moja tu. Petali zake ni za manjano mpauko zenye doa jekundu iliyokolea katikati, na zikishanyauka hudondoka. Tunachonunua sokoni Majengo ni vile vijani vinene vyekundu vinavyobaki vimekumbatia tunda la mbegu. Kwa anayeandaa kinywaji jambo hili lina uzito, kwa sababu choya haina harufu ya ua. Ina uchachu na ina rangi, basi. Harufu ya maua lazima uitafute kwingine: maji ya waridi, asumini iliyochumwa uani, na iliki ya kuisindikiza. Ukichemsha choya peke yake ukingoje inukie, utangoja sana.

"Ichemke sana ndipo itoke"

Hili ndilo linaloharibu vinywaji vingi kuliko yote. Rangi ya choya inakimbilia maji moto. Ndani ya dakika tano maji yameshakuwa mekundu. Ukiiacha itokote nusu saa, wekundu unaanza kuelekea kahawia, na kinachozidi kutoka ni ule ukakasi unaokausha ulimi.

Mimi hufanya hivi kwa wageni kama ishirini. Gramu 100 za choya kavu nazisuuza haraka kuondoa mchanga, maana huwa umo. Nachemsha lita mbili na nusu za maji, nazima moto, ndipo natia choya na punje sita za iliki zilizopondwa. Nafunika dakika kumi na tano, nachuja kwa kitambaa bila kukamua kwa nguvu. Ikipoa naongeza lita mbili za maji baridi yaliyochemshwa, juisi ya zabibu na shira. Maji ya waridi yanaingia mwisho kabisa, kijiko kidogo kimoja kwanza, kwa sababu moto huyafukuza.

Mwenye muda aloweke choya kwenye maji baridi ndani ya friji usiku kucha. Ladha yake ni laini zaidi, ukakasi ni mdogo sana. Kwangu hiyo ndiyo njia bora, ila friji ya nyumbani siku ya shughuli huwa imejaa nyama.

"Ikiwa zambarau, choya ni ya zamani"

Mara nyingi kosa si la choya, ni la maji. Sehemu kubwa ya maji ya mjini hapa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni maji yenye madini; tazama ule utando mweupe mgumu ndani ya birika lako. Rangi ya choya hufuata uchachu: kwenye uchachu inang'aa nyekundu, kwenye maji yenye chokaa au magadi inafifia na kuelekea zambarau.

Jaribu mwenyewe. Mimina kinywaji kilichofifia kwenye glasi mbili za kioo, kisha kamulia ndimu nusu kwenye moja tu. Utaona wekundu unashuka na tone la ndimu kama uzi, unatanda, na baada ya kukoroga mara mbili glasi moja ni nyekundu kama kito na ya pili imebaki na giza lake. Usinunue rangi ya dukani. Ndimu tatu au nne kwa lita tano zinatosha.

"Choya inaongeza damu"

Nimemsikia mama mjamzito akiambiwa hivi mezani, glasi ya tatu mkononi, na niliumia. Wekundu wa choya ni rangi ya mmea, jamii ileile inayopaka zabibu nyeusi. Haigeuki kuwa damu. Choya ina madini chuma kiasi, lakini yanayoingia kwenye maji ni kidogo, na pamoja nayo zinatoka kemikali kama zile za majani ya chai ambazo huzuia mwili kuyafyonza. Aliyeambiwa ana upungufu wa damu anahitaji kupimwa, apewe vidonge, ale dagaa, maini, maharage na mboga za majani. Akiahirisha kliniki kwa sababu ya jagi la choya, amejidhuru.

Kinachojulikana kwa utafiti ni kingine: choya hushusha shinikizo la damu kwa kiasi. Kwa hiyo anayemeza dawa za presha aulize kwanza kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku, na wajawazito hushauriwa wasiinywe kwa wingi. Kwenye meza ya sherehe mimi huweka jagi la pili la ubuyu, ili asiyetaka choya asikae mikono mitupu. Unga wa ubuyu nao usiuchemshe. Vitamini C yake hupotea kwa moto. Ukoroge kwenye maji ya baridi.

"Sufuria ni sufuria"

Kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu nililaza lita kumi za choya ndani ya sufuria ya alumini, nikafunika vizuri, nikalala na amani. Asubuhi kinywaji kilikuwa na ladha ya chuma, na nilipomimina nikaona alama: palipofikiwa na kinywaji sufuria iling'aa kama mpya, juu yake imebaki na weusi wake wa siku zote. Uchachu ulikuwa umekula alumini usiku kucha. Lita kumi zikamwagwa. Kuchemshia maji humo hakuna neno, ila kinywaji chachu kiloweke na kukihifadhi kwenye kioo, chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki ya chakula.

"Zabibu za Dodoma ni za mvinyo tu"

Zinatengeneza mvinyo, kweli, na juisi yake ni tamu vilevile. Shida ni blenda. Ukisaga zabibu na mbegu zake, mbegu zinapasuka na kumwaga uchungu ambao sukari haiufuniki. Chukua kilo moja na nusu, ponda kwa mkono au mwiko, pasha kwa moto mdogo dakika kumi, chuja. Usiruke hatua ya kupasha: wekundu wa zabibu umo kwenye ganda, nyama yake ndani huwa karibu haina rangi, na joto ndilo linaloutoa.

Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Novemba utazikosa au utazilipia sana. Nunua Septemba zinaposhuka kutoka Hombolo na Mpunguzi, osha, kausha, gandisha. Punje zilizoganda zinafaa kuliko barafu: zinapooza glasi na hazimwagi maji ndani yake.

"Ua likinukia linanyweka"

Hapana, na hapa sina mzaha. Oleanda, kile kichaka cha mapambo chenye majani marefu membamba na maua ya waridi au meupe, kina sumu ya moyo kuanzia jani hadi ua. Hata kuiweka juu ya kinywaji kama pambo usithubutu. Mawaridi ya shada la maharusi nayo mara nyingi yamepuliziwa dawa, maana hayakukuzwa yaliwe. Tumia ua unalolijua kwa jina, ulilolimwagilia mwenyewe. Na marashi ya waridi si yote ni ya jikoni: yapo ya kula na yapo ya kujipaka au kunyunyizia wageni, na chupa zinafanana. Soma lebo. Kama haisemi ni ya chakula, iache.

"Barafu inaua vijidudu"

Haiwaui wote, wengi inawalaza tu, na barafu ikiyeyuka wanaamka ndani ya glasi. Maji ya barafu yachemshwe kama ya kunywa. Lakini pia si lazima yatokote dakika ishirini na kumaliza mkaa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hizo zinatosha: yakitokota kwelikweli kwa dakika moja yako salama.

"Onja sukari kabla ya kuweka kwenye friji"

Onja baada ya kupoa. Ulimi hauhisi utamu vizuri kwenye baridi, kwa hiyo kilichokutosha kikiwa vuguvugu kitakuwa chachu mezani. Wala usimwage sukari kwenye jagi baridi, itatuama chini. Pika shira, kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, anza na nusu lita yake kwa lita tano, ongeza kidogo kidogo.

"Ikitoa povu ndiyo imenoga"

Povu ni dalili kwamba hamira iliyoko kwenye maganda ya zabibu imeanza kula sukari, na inapokula inatoa gesi na kilevi. Kwa joto la Novemba siku moja au mbili nje ya friji zinatosha. Watoto watakunywa, na mgeni asiyetumia kilevi kwa imani yake atakunywa bila kujua. Hiyo ni dhuluma kwa aliyekuja kukupongeza. Chupa iliyofungwa kwa kukazwa inaweza hata kupasuka. Tengeneza siku ileile au usiku wa kuamkia, tunza kwenye friji, na kilichozidi siku tatu mwaga.

"Makapi ya choya ni ya jalalani"

Baada ya kuchuja, vile vijani bado vina uchachu na nyama. Vikatekate, vipike na sukari nusu ya uzito wake, maji kidogo na ganda la ndimu, hadi vizito. Ni jamu ya kupaka kwenye chapati asubuhi inayofuata, wakati wageni waliolala wanaamka na vyombo bado havijaoshwa.