Mgombea ubunge ni nani, na anakuwa mgombea lini?

Uchaguzi mkuu wa Tanzania unapokaribia, majina huanza kutajwa mapema. Huyu kachukua fomu, yule katangaza nia, mwingine kaongoza kura za maoni na wafuasi wake wamembeba juujuu. Mtaani wote hao huitwa wagombea. Kisheria, hakuna hata mmoja wao aliye mgombea ubunge. Mgombea ubunge ni mtu aliyependekezwa na chama chenye usajili wa kudumu, akarudisha fomu kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, na msimamizi akamteua. Kabla ya hapo ni mtia nia, hata kama mabango yake yamejaa jimbo zima.

Sifa zenyewe ziko kwenye ibara ya 67 ya Katiba ya 1977, na nyingi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Digrii haidaiwi. Asiwe amehukumiwa kwa kukwepa kodi ya serikali ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi. Halafu inakuja sifa inayowaacha wengi nje: awe mwanachama wa chama cha siasa, na awe amependekezwa na chama hicho.

Sifa hiyo moja inakipa chama nguvu kubwa mno. Kura za maoni ni utaratibu wa ndani wa chama, si uchaguzi wa nchi. Ndani ya CCM, kwa mfano, wajumbe wanapiga kura, lakini neno la mwisho linabaki kwa Halmashauri Kuu ya Taifa. Aliyeongoza kwa mbali anaweza kukatwa jina na wa pili au wa tatu akarudishwa, na wapiga kura wa kawaida hawana pa kuhoji. Chama chenyewe kikikwama, wanachama wake wote wanakwama nacho. Aprili 2025 Chadema haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki uchaguzi wa mwaka huo. Mwanachama wake aliyetaka kugombea alibaki na njia moja tu, kuhamia chama kingine.

Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania nafasi ya mgombea binafsi kwa karibu miaka 20, na kwa maoni yangu nchi hii bado ina deni kwake. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Serikali ikapeleka bungeni marekebisho ya Katiba yaliyoufunga mlango huo. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema suala hilo ni la Bunge kuamua, si la mahakama. Akavuka hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale pale Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 majaji wakasema Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na ibara ya 67 haijabadilishwa. Kenya, kwa upande wao, waliliweka jambo hili ndani ya Katiba yao ya 2010. Mgombea huru wa Bunge la Taifa anatakiwa kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 wa eneo lake, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi. Wanaoshindwa kwenye mchujo wa vyama huitumia njia hiyo, na wapo waliofika bungeni kwayo.

Turudi kwa mtia nia wetu aliyekwisha kupata baraka za chama. Siku ya uteuzi (mwaka 2025 ilikuwa tarehe 27 Agosti) fomu zinatakiwa ziwe mezani kwa msimamizi kabla ya saa 10 jioni. Ndani yake kuna majina ya wapiga kura wasiopungua 25 wa jimbo hilo wanaomdhamini, kila mmoja na namba ya kadi yake na sahihi, kuna tamko alilolitoa mbele ya hakimu, kuna picha, na kuna dhamana ya shilingi 50,000. Fedha hiyo si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni karatasi. Mdhamini mmoja aliyejiandikisha jimbo la jirani, namba moja iliyonakiliwa vibaya au sahihi iliyokosekana inaweza kuzaa pingamizi. Fomu hubandikwa hadharani ili wagombea wengine wazikague, na pingamizi hupelekwa kwa msimamizi. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Tume. Mwaka 2020 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa hivi. Tume iliwarudisha baadhi yao, na vyama vyao vikalalamika kwamba walioenguliwa walisakwa kwa makosa madogo madogo.

Matokeo yake yalikuwa majimbo kadhaa kubaki na jina moja. Wakati huo sheria ilisema mgombea aliyebaki peke yake amepita bila kupingwa, na huko hakukupigwa kura ya ubunge kabisa. Ndivyo Kassim Majaliwa, waziri mkuu wa wakati huo, alivyorudi bungeni kutoka Ruangwa mwaka 2020. Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 imeufuta utaratibu huo: mgombea pekee sasa anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua njema, ingawa kura ya ndiyo au hapana haimpi mwananchi mtu wa pili wa kumlinganisha naye.

Mtu akishateuliwa, sheria inamshika kwa namna ambayo haimshiki mtia nia. Mgombea akifariki kabla ya siku ya kura, uchaguzi wa ubunge katika jimbo lake unaahirishwa. Oktoba 2015 walifariki Dk. Abdallah Kigoda aliyekuwa akigombea Handeni Mjini kwa CCM na Dk. Emmanuel Makaidi wa chama cha NLD aliyekuwa akigombea Masasi. Wananchi wa huko walipiga kura ya rais pamoja na wenzao, ila mbunge wao wakamchagua Desemba.

Wabunge wa viti maalum, yaani viti vya wanawake, hawaingii katika maelezo haya yote. Hawagombei jimbo wala hawasimami jukwaani kujiombea kura. Chama kinapeleka orodha ya majina Tume, na viti hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima.

Mgombea wa jimbo ana haki zinazoanza siku ya uteuzi na kuvuka siku ya kura. Anafanya kampeni, chama chake kinamwekea wakala kila kituo, na wakala huyo anasaini fomu namba 21B ya matokeo ya ubunge na kuondoka na nakala yake. Akishindwa na akaamini ameonewa, ana siku 30 tangu matokeo kutangazwa kufungua kesi Mahakama Kuu. Zamani alitakiwa kuweka shilingi milioni 5 kabla kesi haijapangiwa tarehe, mpaka mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Julius Ndyanabo, ilipokifuta kifungu hicho kwa sababu kilimnyima asiye na fedha haki ya kusikilizwa.