Sevu ya badminton: mbona inapigwa kinyonge hivyo?

Kila nikikaa na mtu anayeangalia badminton mara ya kwanza, swali ni lilelile: mbona yule anaanzisha taratibu hivyo, kama anamrushia mtoto? Amezoea tenisi, huko sevu ni bunduki. Huku sevu, yaani pigo la kuanzisha, ndio pigo la kujitetea, maana sheria inakulazimisha upige kutoka chini kwenda juu, na kinyoya (ndicho kinachopigwa huku badala ya mpira) kikivuka neti kikiwa juu hata kidogo tu mwenzako anakufuata na kukibamiza miguuni kwako.

Ila watu hawakukubali kirahisi. Miaka ya mwanzo ya 80 ndugu wa familia ya Sidek wa Malaysia walikuja na sevu ya S: badala ya kugonga kile kichwa kigumu cha kinyoya, raketi inakwangua manyoya kwanza, basi kinyoya kinakuja kinazunguka na kuyumba kama kimelewa. Wawili kati yao, Razif na Jalani, wakabeba All England 1982, mashindano makubwa ya badminton, na haikuchukua muda sheria ikaandikwa kwamba lazima ugonge kichwa kwanza. Mwaka 2023 Mdenmark Marcus Rindshøj akapata njia ya pembeni, anakizungusha kwa vidole wakati anakiachia halafu anagonga kichwa vizuri tu, kihalali kabisa! Wapokeaji wakawa wanapiga neti hovyo, wakuu wa mchezo wakaipiga stop mwaka huohuo. Mimi nilisikitika kidogo, jamaa alitumia akili.

Halafu kuna urefu wa pale kinyoya kinapogongwa. Zamani ilikuwa kinyoya kisivuke kiuno, na kiuno chenyewe kilihesabiwa kwenye ubavu wa chini kabisa, sasa niambie refa aliyekaa mita kadhaa mbali ataonaje ubavu wa mtu kupitia jezi? Ugomvi kila wiki. Mwaka 2018 ikaja mita 1.15 kutoka chini kwa kila mtu, mrefu kwa mfupi, na warefu kama Viktor Axelsen mwenye mita 1.94 hawakufurahi, inabidi wakunje magoti. Refa wa sevu anakaa kwenye kiti kifupi pembeni ya neti, mbele yake vioo viwili vya plastiki vyenye mstari mweusi, anashusha jicho mpaka mistari yote miwili inakuwa mmoja. Kinyoya kikigongwa huku kipande chochote kiko juu ya mstari, anapaza sauti: folti, yaani kosa.

Na tangu 2006 kila reli, yaani kurushiana kuanzia sevu mpaka mmoja ashindwe, ina pointi, zamani alikuwa anapata anayesevu peke yake, kwa hiyo folti moja leo ni zawadi ya moja kwa moja. Seti ni 21, mkifika 20 kwa 20 lazima mtu aongoze kwa mbili, mwisho kabisa ni 30. Sasa vuta picha 29 kwa 29, mkono unatetemeka, na yule refa jicho limeganda pale kwenye 1.15.