Kukaririwa: uso wa mwigizaji unapomtangulia kazini

Mwaka 1930, kabla filamu ya vita ya All Quiet on the Western Front haijaanza kuuzwa, ilionyeshwa kwa majaribio mbele ya watazamaji wa kawaida. Kuna sehemu kijana askari amerudi nyumbani kwa likizo fupi. Mama yake mgonjwa yuko kitandani, na wote wawili wanajua kijana atarudi vitani. Hapo ukumbi ulitakiwa unyamaze kimya. Watu wakacheka.

Mswada wa filamu haukuwa na tatizo, wala mwanga, wala mwigizaji mwenyewe hakuharibu. Tatizo lilikuwa kwamba mama yule aliigizwa na ZaSu Pitts, na watu walishamzoea kwenye vichekesho: macho makubwa ya mtu aliyeshtuka, mikono isiyotulia, sauti ya kulalama. Walipomwona tu wakajua kinachofuata ni kicheko, wakakitoa mapema. Mwongozaji Lewis Milestone ikabidi apige upya sehemu za mama, akitumia mwigizaji mwingine. Na huyu Pitts, miaka sita tu kabla ya hapo, alikuwa amebeba filamu ya Greed, akiigiza mke anayeliwa na uchu wa dhahabu hadi anaogopesha. Hakuna kichekesho hata kimoja kwenye uhusika ule.

Yaliyompata ndiyo kukaririwa. Neno hili tunalo mdomoni kila siku. "Usinikariri," mtu anakwambia, maana yake usidhani kwa kuwa jana nilikunywa chai basi na leo sitaki kahawa. Kwenye filamu, mwigizaji amekaririwa pale anapopewa uhusika wa aina ileile tena na tena, kwa sababu wanaogawa kazi na wanaonunua tiketi hawamwoni tena kwa jicho jingine. Mpole anabaki mpole, jambazi anabaki jambazi, na mchekeshaji akilia watu wanasubiri aanguke kwenye ndoo.

Waliosoma fasihi wasichanganye hili na mhusika bapa. Mhusika bapa anaishi ndani ya hadithi: habadiliki, hana kina, na hadithi ikiisha naye kaisha. Kukaririwa kunatoka kwenye hadithi na kumganda mtu mwenye damu na kodi ya nyumba. Benson Wanjau, mchekeshaji wa televisheni wa Kenya, alipofariki mwaka 2015, jina lililokuwa midomoni mwa Wakenya lilikuwa la mhusika wake, Mzee Ojwang.

Ila hakuna mahali kukaririwa kuligeuzwa kuwa mfumo wa uzalishaji kama Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940. Tiketi moja mara nyingi ilikupa filamu mbili, na ya pili ilikuwa fupi, ya saa moja na ushei, iliyopigwa harakaharaka. Filamu ya saa moja haina nafasi ya kukueleza karani wa hoteli ni mtu wa namna gani. Inahitaji mlango ufunguliwe, uso uonekane, na wewe uliyekaa kitini umalize kazi mwenyewe: "Aha, huyu mkorofi." Uso uliozoeleka ulikuwa sawa na kurasa mbili za mswada ambazo hakuna aliyelipwa kuziandika. Tangu 1925 kulikuwa na ofisi iitwayo Central Casting, iliyowapeleka studio watu wa kujaza picha kwa aina zao: wazee wa ndevu, polisi, mabibi wa kuvaa manyoya. Hadi leo Mmarekani akikutana na mtu anayefanana mno na kazi yake, husema ametoka Central Casting.

Tumwangalie mmoja kwa karibu. Charles Lane alizaliwa San Francisco mwaka 1905 na alikuwa mtoto mchanga tetemeko kubwa la 1906 lilipoubomoa mji. Alianza kama wakala wa bima, akaingia jukwaani, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaingia kwenye filamu. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye miwani na mdomo uliobanwa kama mkoba wa bahili. Mara ya kwanza alipoigiza karani mwenye nongwa, picha ikapendeza, na hapo ndipo alipofungiwa. Kuanzia siku hiyo alikuwa karani, mhasibu, mkaguzi, mwandishi wa habari asiye na subira, mtu wa kodi, mtu wa mapokezi anayekwambia chumba hakuna kabla hujauliza. Mwaka 1933 peke yake alionekana kwenye filamu 23. Alisimulia kwamba alikuwa akienda sinema kama mtazamaji, anashangaa kujiona kwenye pazia katika filamu ambayo alishasahau kuwa aliicheza.

Mwangalie katika You Can't Take It with You ya mwaka 1938, iliyoongozwa na Frank Capra na kushinda Oscar ya filamu bora. Lane ni ofisa wa kodi ya mapato, anaingia kwenye nyumba ya watu wenye vituko ambao, pamoja na mambo mengine, wanatengeneza fataki chini ya nyumba. Kaja kumuuliza babu wa nyumba hiyo, anayeigizwa na Lionel Barrymore, kwa nini hajawahi kulipa kodi hata senti. Babu hana haraka. Nikilipa, serikali itanipa nini? Lane anaanza kumhesabia, anafika kwenye manowari za kivita. Babu anamjibu kwamba mara ya mwisho manowari zilipotumika Marekani iliambulia Cuba, nayo ikairudisha. Angekuwa tayari kulipia kitu cha maana. Anachofanya Lane hapo ni kidogo sana, na ndicho kinachochekesha: hacheki, hatanii, hajui kabisa kwamba yumo kwenye kichekesho. Anaamini fomu zake kama muumini anavyoamini msahafu. Kila babu anapojibu, shingo yake inanyooka kidogo zaidi. Angekonyeza jicho mara moja tu, utamu wote ungemwagika.

Hapa wengi hukosea wanapowazungumzia waigizaji wa pembeni waliokaririwa kwenye vichekesho. Hudhani wanarudia kwa kuwa hawana kingine. Kurudia kitu kilekile mara mia mbili, na mara ya mia mbili mtu akacheka bado, ni ufundi wa kupima nusu sekunde. Lane alicheza zaidi ya filamu 250, ukiacha televisheni. Mwaka 1953, kipindi cha I Love Lucy ambamo Lucy anajifungua, kilichotazamwa na Wamarekani wapatao milioni 44, Lane yumo pia: mmoja wa akina baba kwenye chumba cha kusubiria, amechoka kabla mtoto hajazaliwa.

Yeye mwenyewe hakuifurahia hali ile. Alisema ilikuwa upuuzi na si haki: ilimrahisishia kazi mgawa nafasi wa studio, mwigizaji akanyimwa kujaribu kingine. Wakati huohuo ilimlisha kwa zaidi ya miaka sitini. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu mwaka 1933, jambo linaloeleweka ukikumbuka kwamba mtu wa filamu 23 kwa mwaka ndiye anayejua kuliko nyota yeyote saa za kazi zilivyokuwa ndefu. Nyumbani alikuwa mtu mwema, aliyekaa na mke mmoja kwa miaka zaidi ya sabini.

Wengine waliigeuza kuwa biashara bila manung'uniko. Edward Everett Horton, yule rafiki mwenye wasiwasi kwenye filamu za dansi za Fred Astaire na Ginger Rogers, bingwa wa kukubali jambo kwa tabasamu na kushtuka sekunde mbili baadaye, alinunua shamba kubwa Encino, nje kidogo ya Los Angeles. Akaliita Belleigh Acres, jina ambalo ukilitamka haraka kwa Kiingereza linasikika kama "walalamishi". Mwongozaji Preston Sturges naye alikuwa na timu ya watu hao, akina William Demarest na Franklin Pangborn, akawatumia filamu baada ya filamu. Hoja yake ilikuwa kwamba waliochangia filamu zake za kwanza kufanikiwa wana haki ya kuwemo na kwenye zinazofuata. Mimi hoja hiyo inanigusa kuliko tuzo zote walizokosa.

Lakini tusiipambe mno. Horton na Lane walikaririwa kwa sababu ya kitu walichokifanya mbele ya kamera. Waigizaji weusi wa wakati ule walikaririwa kabla hawajafungua mdomo. Willie Best, mchekeshaji ambaye mwili wake ulijua kucheza na ukimya vizuri kama wa yeyote niliyemtaja, alipewa wapagazi, madereva na watumishi wanaoogopa mizuka, basi. Katika baadhi ya filamu zake za mwanzo, mahali pa kuandika jina lake kwenye orodha ya waigizaji waliandika "Sleep 'n' Eat", yaani Lala-Ule. Lane alikosa aina nyingine za uhusika. Best alikosa hata jina. Hattie McDaniel, naye mwigizaji mweusi, aliposhinda Oscar mwaka 1940, aliipata kwa uhusika wa mtumishi wa ndani katika Gone with the Wind, na usiku ule alikaa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kukaririwa ni bei ya umaarufu, muulize bei hiyo ilipangwa na nani na kwa nani.

Lane alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 102. Miaka miwili kabla, alipotuzwa kwenye hafla ya televisheni akiwa ametimiza mia, aliwakumbusha waliokuwepo kwamba kama kuna anayemhitaji, bado anapatikana.

Na yule mama kitandani? Sehemu za Pitts zilichezwa upya na Beryl Mercer, mwanamke mfupi, mnene kidogo, wa uso wa huruma. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwaka uliofuata studio nyingine ilitafuta mama wa kumlilia jambazi aliyeigizwa na James Cagney katika The Public Enemy. Wakamwita Mercer.