Utii katika mateso: Mkristo anamtii nani, na mpaka wapi

Utii katika mateso, kwa maana ya Kikristo, ni kuendelea kumtumaini Mungu na kutenda mema wakati unaumia, na kukataa kutafuta nafuu kwa njia ya dhambi. Maana ni fupi, lakini mara nyingi inamfikia muumini ikiwa nusu. Anaambiwa "nyenyekea", "vumilia", "mwachie Mungu", na anayemwambia haelezi anyenyekee kwa nani, avumilie nini, wala ni jambo gani hasa la kumwachia Mungu. Mtu anaondoka na maumivu yaleyale, na juu yake hatia mpya: kwamba akilia, akitafuta msaada au akikimbia, atakuwa ameasi.

Pa kuanzia ni Gethsemane. Usiku ule Yesu aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Akaendelea mbele kidogo, akaanguka kifulifuli, akaomba: "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke, walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Akarudi, akawakuta wamelala. Akaenda tena, kisha tena, na Mathayo anasema mara ya tatu alisali kwa maneno yaleyale.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Aliyemtii Baba kuliko mtu yeyote aliomba mateso yasimpate. Aliwaambia rafiki zake waziwazi kwamba ana huzuni, na hakutaka kubaki peke yake. Alirudia ombi lilelile, na hakuna aliyemhesabia imani haba. Maneno "kama utakavyo wewe" yalikuja baada ya "kiniepuke", wala hayakulifuta. Kwa hiyo anayemzuia mgonjwa asiombe kupona, kwa hoja kwamba ugonjwa ni mapenzi ya Mungu, anamnyima sala ambayo Bwana mwenyewe aliisali.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, unaikumbuka sala ya namna hiyo ukisema ilitolewa "pamoja na kulia sana na machozi". Mara tu baada ya hapo unasema kwamba Yesu, "ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata". Msomaji anaweza kushangaa: je, alikuwa mkaidi kabla ya hapo? Hapana. Utii wa siku ambayo hakuna cha kupoteza haujajaribiwa. Yesu aliupitia utii mpaka mahali ulipomgharimu mwili, heshima na rafiki, na huko akaujua kwa kuuishi. Ndiyo sababu waandishi wa Agano Jipya mara nyingi wanautaja msalaba wanapofundisha uvumilivu. Wanamwonyesha msomaji mtu aliyefika huko kabla yake.

Machozi, basi, yana nafasi yake ndani ya utii. Zaburi zimejaa malalamiko. Ya 13 inaanza na swali, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 88 ni kilio tangu mwanzo, na inamalizikia gizani bila neno la kutuliza. Zote mbili zimo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu, na hilo lina maana: anayelia mbele za Mungu bado anaongea naye. Kiswahili kina methali isemayo kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na nadhani wahubiri wengi wameifundisha hiyo wakidhani wanafundisha Injili. Ayubu hakuteseka kikondoo. Kila mmoja anayakumbuka maneno yake ya sura ya kwanza, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Wachache wanaendelea hadi sura ya tatu, anapoilaani siku aliyozaliwa, au sura zinazofuata, anapotaka Mungu amsikilize hoja zake ana kwa ana. Rafiki zake ndio waliosema maneno ya ibada: umeteseka kwa kuwa umekosa, tubu yaishe. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu ya Mungu kama alivyonena Ayubu. Onyo hilo linamhusu kila anayekwenda kumfariji mtu akiwa tayari na jibu la kwa nini ameteseka.

Hata Isaya anaposema mtumishi wa Bwana, ambaye Wakristo wanamwona kuwa Yesu, hakufunua kinywa chake, kama mwana-kondoo apelekwaye machinjoni, haimaanishi Yesu hakupinga lolote. Katika Yohana 18 askari anampiga kofi mbele ya kuhani mkuu. Yesu anamjibu: kama nimesema vibaya, onyesha ubaya wenyewe, kama nimesema vema, mbona wanipiga? Hakurudisha kofi, na hakujifanya kwamba kofi lile lilikuwa haki.

Mfano ninaoupenda zaidi kuhusu mateso yanayotoka kwa mtu mwenye mamlaka ni wa Daudi na Sauli. Sauli alikuwa mfalme aliyepakwa mafuta, na alikuwa anamwinda Daudi amwue. Katika 1 Samweli 24 anaingia peke yake katika pango huko Engedi, bila kujua kwamba Daudi na watu wake wamejificha ndani zaidi. Watu wa Daudi wanamnong'oneza kwamba hii ndiyo siku yake. Daudi anasogea kimyakimya na kukata upindo wa vazi la mfalme, basi, na hata hilo linamchoma moyo. Sauli anapotoka, Daudi anamfuata nje, anamwita kwa mbali, anainama kifulifuli mpaka nchi na kumwita "baba yangu". Kisha anamwonyesha kile kipande cha nguo, anamweleza wazi kwamba anamwinda mtu asiye na kosa, na kusema BWANA na awe mwamuzi kati yao. Sauli analia. Anakiri kwamba Daudi ana haki kuliko yeye.

Sura inamalizikaje? Sauli anakwenda kwake, na Daudi na watu wake wanapanda kurudi ngomeni. Daudi hakufuatana na Sauli. Alimheshimu, alikataa kumdhuru, alimsamehe kadiri inavyoonekana, akabaki mbali na mkuki wake. Na alifanya vema, kwa sababu sura mbili mbele Sauli yuko njiani tena na watu 3,000, akimtafuta. Toba ya machozi haikuwa imebadilisha kitu. Kitabu hakimlaumu Daudi popote kwa kutorudi nyumbani kwa mfalme siku ile.

Hapo tunapata jibu la lile swali la kumwachia Mungu. Daudi alimwachia Mungu hukumu na kisasi. Hakumwachia Mungu kazi ya kutafuta mahali pa kulala salama. Hiyo aliifanya mwenyewe. Petro anasema hivyohivyo juu ya Yesu katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2: "Yeye alipotukanwa, hakurudisha matukano, alipoteswa, hakuogofya, bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki." Anayejikabidhi kwa hakimu wa haki hasemi kwamba kesi haipo. Anasema kesi ipo, imefika kwa mwenye uwezo wa kuiamua, na kwa hiyo mikono yake haihitaji kulipiza.

Maneno hayo Petro aliwaelekeza kwanza watumwa wa nyumbani waliokuwa na mabwana wakali, na ni lazima tuseme kwamba kifungu hicho kimewahi kutumiwa na Wakristo kutetea utumwa. Kilitumiwa vibaya. Petro aliwaandikia watu ambao mapigo yalikuwa yamewafika tayari, wasio na mlango wa kutokea. Aliwaonyesha jinsi ya kubaki watu wa Mungu humo ndani, na mapigo yenyewe akayaita mateso ya "isivyo haki". Paulo, katika 1 Wakorintho 7:21, anamwambia mtumwa kwamba akiweza kuwa huru, afadhali autumie huo uhuru. Mlango ukifunguka, kutoka si uasi. Paulo mwenyewe aliteremshwa ukutani ndani ya kapu kule Dameski asikamatwe. Huko Filipi alikataa kutoka gerezani kimyakimya baada ya kupigwa hadharani bila kuhukumiwa. Akataka wakuu waje wenyewe wawatoe. Na alipoona hatapata haki Yerusalemu, alikata rufani kwa Kaisari. Mtu huyuhuyu ndiye aliyeandika kwamba Kristo alikuwa mtii hata mauti, mauti ya msalaba.

Kuna mateso yanayotokana na makosa ya mtu mwenyewe, na Petro hayapi sifa yoyote: mwizi akiadhibiwa hateseki kwa ajili ya Kristo. Huyo atubu, arekebishe, basi.

Mateso ya kukataa kutenda dhambi ni jambo jingine. Hapa utii kwa Mungu unaonekana machoni pa watu kama ukaidi. Mitume waliwaambia wakuu wa baraza, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, "bali kama si hivyo", bado hawataisujudia sanamu yake. Maneno hayo, kama si hivyo, ndiyo kiini cha utii wao, maana hawakuufunga kwenye sharti la kuokolewa. Mhasibu anayeambiwa na mkuu wake aandike hesabu za uongo, akakataa kwa heshima na kufukuzwa kazi, yumo katika njia hiyohiyo, ingawa hakuna atakayeliandika jina lake popote.

Lakini kukubali mateso si kuyatafuta. Kanisa la kwanza liliyatofautisha haya mapema. Masimulizi ya kifo cha Polikarpo, askofu wa Smirna aliyeuawa karibu mwaka 155, yanaeleza kwamba aliposikia anatafutwa alikubali ushauri wa watu wake akaondoka mjini, akajificha shambani, akahama tena. Walipomfikia hatimaye, angeweza kukimbia mara nyingine. Akasema mapenzi ya Mungu yafanyike, akaagiza waliokuja kumkamata waandaliwe chakula, na kuomba wampe muda wa kusali. Masimulizi hayohayo yanamtaja Kwinto, aliyejipeleka mwenyewe na kuwashawishi wengine wajipeleke. Alipowaona wanyama wakali aliogopa, akakubali kutoa dhabihu kwa miungu. Mwandishi anasema wazi kwamba kanisa haliwasifu wanaojitoa wenyewe. Polikarpo aliyejificha ndiye anayekumbukwa kama shahidi wa imani.

Ugonjwa, kufiwa na umaskini havina mtesi wa kumwonyesha kidole, na pengine kwa hiyo vinachosha zaidi. Paulo alikuwa na kile alichokiita mwiba katika mwili. Akamsihi Bwana mara tatu umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Katika hali kama hiyo utii una sura ya kawaida kabisa. Mtu anayemuuguza mzazi aliyepooza anaamka usiku kumgeuza ubavu mwingine, anabadilisha shuka, anampa dawa kwa saa yake, na anaposhika Biblia hana nguvu ya kusoma zaidi ya mstari mmoja. Anaomba uponyaji leo kama alivyoomba mwaka jana. Anakasirika, anaomba radhi, anaendelea. Petro alimaliza fundisho lake juu ya mateso kwa kusema wateswao "wamwekee amana roho zao, katika kutenda mema, kama kwa Muumba mwaminifu". Kutenda mema kwa mtu huyu ni ile shuka safi, na pia ni kumpigia ndugu yake simu amwambie: njoo unipokee, nimechoka.

Limebaki jambo ambalo makanisa yameliharibu sana. Mwanamke anayepigwa na mumewe anakwenda kwa mchungaji, na anasomewa 1 Petro 3 juu ya wake kuwatii waume. Mstari wa 7 wa sura hiyohiyo, unaowaagiza waume kuwaheshimu wake zao ili kuomba kwao kusizuiliwe, hausomwi. Wala mwanamume haitwi. Huko ni kumtoa mtu mikononi mwa Mungu na kumkabidhi kwa mtesi wake. Utii kwa Mungu haumdai mtu abaki chini ya ngumi, na kupigwa kwake hakumwokoi mpigaji; kunampa nafasi ya kuendelea kutenda dhambi. Anayempokea mwanamke huyo, au mtoto, au mzee anayeteswa na wanawe, aanze na usalama wake: mahali pa kulala usiku huo, matibabu, polisi inapobidi, na mtu wa kukaa naye. Mpigaji ashughulikiwe peke yake, na machozi yake yasichukuliwe kuwa toba mpaka mwenendo ubadilike kwa muda mrefu. Mazungumzo ya kusameheana yanaweza kungoja, na wakati wake auseme aliyeumizwa. Akisamehe na bado akaamua kuishi mbali, asihukumiwe.